Mzee Alipandisha Mzimu: Mhadhara juu ya "Give Up"



Nianze na karatasi moja. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nasahihisha zoezi la tafsiri la kidato cha pili. Sentensi ya Kiingereza ilikuwa fupi: "The old man gave up the ghost." Kijana mmoja, mtoto wa pwani, mwandiko wake umelala upande kama mnazi uliozoea kusi, aliandika: "Mzee alipandisha mzimu." Nikatia alama ya kosa kwa wino mwekundu, nikampa sifuri, nikafunua karatasi nyingine. Sikumuuliza kitu.

Sifuri ile bado ninayo moyoni, kwa sababu mtoto yule alikuwa amefikiri. "Give" alilijua: kutoa. "Up" ni juu. "Ghost" ni mzimu. Sasa mzimu ukitolewa ukaletwa juu, kwao jambo hilo lina jina. Mtu hufukizwa ubani, hupigiwa ngoma, akapandisha. Alichukua maneno matatu aliyopewa, akayatafutia maisha yanayofanana nayo. Aliyekosea ni mimi niliyemfundisha kwamba Kiingereza husomwa neno baada ya neno, kama mtu anayehesabu nazi.

Sentensi ile maana yake ni kwamba mzee alikata roho. Na hapo ndipo aibu yangu ilipozidi. Maana "kukata roho" nako ukikusoma neno baada ya neno utakuta kisu na kitu kisichokatika. Sisi hatukusomi hivyo. Tunakata kamba na mkate, sawa, lakini pia tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata kiu, tunakata kona, tunakata shauri, tunakata tamaa. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayesimama njiani kujiuliza kiu hukatwa kwa nini. Amelisikia neno likiwa na mwenzake tangu mgongoni mwa mama yake, na maana imekaa katikati ya maneno mawili.

Neno langu la leo ni hili tu. Msemaji wa Kiswahili ana ujuzi wote unaohitajika kuielewa "give up" na ndugu zake. Ujuzi huo tunaufungia nje ya mlango wa darasa, kisha tunamshangaa mtoto kwa nini haingii.

Vitenzi vya namna hii, kitenzi kimefuatwa na neno dogo kama "up", "off" au "in", Waingereza wanaviita "phrasal verbs". Jina lenyewe si la kale. Lilienezwa na Logan Pearsall Smith, mwandishi aliyezaliwa Marekani akaishi Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1925, na yeye alisema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa ile kamusi kubwa ya Oxford. Lakini taabu ni ya zamani kuliko jina. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake London mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba hakuna kitu kinachowasumbua wageni katika Kiingereza kama vitenzi hivi. Basi mwanafunzi wako anayekwama leo asionekane mzito wa kichwa. Amekwama mahali ambapo mtunga kamusi mwenyewe aliweka kibao cha tahadhari.

Na asili yake ina kisa cha kuvutia. Waingereza wa kale walikuwa na kitenzi chao cha kutoa, ila herufi ya kwanza waliitamka karibu na "y" yetu. Geoffrey Chaucer, mshairi wa London aliyefariki mwaka 1400, bado aliandika "yeve". Hiyo "g" nzito tunayoisikia leo katika "give" ilitoka kwa watu wa Skandinavia, waliovuka bahari na kuhamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Hao nao walikuwa na usemi wao, "gefa upp", kwa maana ya kuachilia na kusalimu. Baada ya mwaka 1066 wakaja watawala wanaosema Kifaransa, na lugha ya mahakama na ikulu ikajaa maneno yao: "surrender", "abandon", "resign". Kwa hiyo mpaka leo Mwingereza ana maneno ya ofisini na maneno ya jikoni kwa jambo lilelile. Barua ya mfanyakazi kwa mwajiri itasema "resign". Mkewe mezani atasema "he gave up the job". Sisi tunalijua hilo. Tangazo la serikali litasema waziri amejiuzulu; gazeti la asubuhi litasema ameachia ngazi; na barazani watasema amebwaga manyanga.

Mwanafunzi anayejua "surrender" na "abandon" kwa sababu yamo katika vitabu, lakini hajui "give up", ni kama mgeni anayejua "kujiuzulu" na hajawahi kusikia mtu akibwaga manyanga. Atasoma hukumu ya mahakama na kuielewa, kisha atapotea katika mazungumzo ya watu wawili kituoni.

Sasa tuliangalie hilo "up". Tumewafundisha watoto kuwa ni "juu", na ni kweli, ndege iko juu. Lakini Mwingereza akisema "eat up", hamwambii mtoto ale akiwa juu ya kitu. Anamwambia amalize sahani. Kisima "dried up", kimekauka mpaka chini. Barua "torn up" imechanwa vipande vipande. "Up" hapo inasema mambo yamefika mwisho, hakikubaki kitu. Ukiiweka baada ya "give", unapata kutoa kusikokuwa na masalio. Mkono umefunguka, kilichokuwamo kimetoka chote.

Ajabu ni kwamba Kiswahili nacho kina neno la mahali linalofanya kazi hiyohiyo, na sijawahi kuona kitabu cha shule kikilitaja pembeni ya "up". Neno hilo ni "mbali". Jaji akitupilia mbali rufaa, jalada liko palepale mezani, halijaruka hata shibiri moja. "Mbali" imeacha kupima umbali. Inasema jambo limekwisha moja kwa moja. Tunasema pia potelea mbali, fia mbali. Na angalieni kitenzi kinavyojitayarisha: hatusemi "tupa mbali" tukitaka maana hiyo, tunasema "tupilia". Kitenzi hujinyoosha kikaipokea "mbali", vikawa kitu kimoja. Mwalimu akianza somo la "up" kwa rufaa iliyotupiliwa mbali, nusu ya kazi imeisha kabla hajaandika neno la Kiingereza ubaoni.

Nusu iliyobaki ni kujua kilichotoka mkononi na nani amekipokea. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waulize maswali hayo mawili tu kila wanapoikuta "give up", na nimeona yakiwafikisha mbali kuliko orodha yoyote.

Kama kilichotoka ni mazoea, basi hakuna anayepokea. "He gave up cigarettes." Sigara ile ya mwisho hakupewa mtu. Hapo Kiswahili kinasema ameacha. Lakini hata kuacha kuna namna. Wakati wa Kwaresima Wakristo wanaosema Kiingereza huulizana "what are you giving up?", na wanajibu chokoleti, au pombe. Hawaachi kabisa, Pasaka watarudia. Kiswahili cha hapo ni kujinyima, na mfasiri akiandika "unaacha nini" atakuwa ameiondoa saumu yenyewe katika saumu.

Kama kilichotoka ni mtu au mali, na yupo anayepokea, mambo yanabadilika. Kijiji "gave up the thief to the police": walimtoa, walimkabidhi. Mwizi mwenyewe "gave himself up": amejisalimisha. Hapa "acha" haifai hata kidogo. Ukisema kijiji kilimwacha mwizi, umemfungulia njia akakimbia, na sentensi imegeuka kinyume.

Kama hakuna kilichotajwa, mtu amesema tu "I give up", basi kilichotoka ni jitihada yenyewe. Nimenyoosha mikono. Nimekata tamaa. Kenya utasikia pia mtu amekufa moyo. Haya matatu si mamoja: anayenyoosha mikono ameshindwa na kazi, anayekata tamaa ameshindwa na kesho. Mtoto aliyeshindwa hesabu moja saa mbili usiku na akafunga daftari, "he gave up", tusimkatishe tamaa ya maisha kwa tafsiri.

Na kama baada yake limekuja "on" na mtu, "they gave up on him", Kiswahili kina kitu kizuri sana. Wamemkatia tamaa. Tazameni: Kiingereza kimeongeza neno nje, "on", sisi tumeingiza silabi ndani, "kata" ikawa "katia". Ile kauli ya kutendea ambayo watoto huikariri darasani, pika, pikia, leta, letea, ndiyo inayofanya kazi ya maneno madogo ya Kiingereza. Mwanafunzi akishaliona hilo, "on" haimtishi tena.

Mfano wa "give up" ambao huwa natumia muda mrefu juu yake unatoka Montgomery, Alabama, Marekani, jioni ya tarehe 1 Desemba 1955. Rosa Parks, fundi cherehani wa miaka 42, alikuwa anarudi nyumbani kwa basi. Alikaa katika safu ambayo Weusi waliruhusiwa kukaa mradi Wazungu wana nafasi mbele. Nafasi za mbele zikajaa, Mzungu mmoja akabaki amesimama, dereva akawaamuru Weusi wanne wa safu ile wainuke. Watatu wakainuka. Yeye hakuinuka, akakamatwa. Weusi wa mji ule wakasusia mabasi kwa siku 381. Vitabu vingi vya Kiingereza vinasimulia tendo lake kwa maneno haya: "she refused to give up her seat".

Nimewahi kuona hili likifasiriwa "alikataa kumpisha Mzungu". Nataka tulitazame neno hilo kwa makini, kwa sababu ni Kiswahili safi na bado linamdhulumu mama yule. Kupisha ni neno la adabu. Katika daladala kijana humpisha mzee, humpisha mama mjamzito, na asiyepisha huonekana hana malezi. Ukiandika kwamba Rosa Parks alikataa kupisha, msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, kabla hajafikiri, ameshamhukumu kidogo. Lakini hakuna aliyemwomba adabu. Kiti kilikuwa chake kwa nauli aliyolipa, na alikuwa ananyang'anywa kwa amri. Mimi huandika "alikataa kuachia kiti chake". Kuachia ni kulegeza mkono ulioshika kitu, na mwenye kuachia ni mwenye kitu. Hapo ndipo "give" na "up" zilipo katika sentensi ile.

Yeye mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1992, alirudi kwenye jambo hili. Alieleza kwamba watu husema hakuachia kiti kwa kuwa alikuwa amechoka mwili, na akakanusha. Uchovu aliokuwa nao, alisema, ulikuwa wa "giving in". Neno moja dogo limebadilika, "up" imekuwa "in", na maana imehama. "Give up" huangalia kilichotoka mkononi. "Give in" huangalia nguvu iliyokusukuma mpaka ukalegea. Mama yule alichoka kulegea, kuinamisha kichwa kila alipoamriwa.

Nyumbani hili linaonekana kila siku. Mtoto anamlilia mama dukani apewe pipi. Analia, anavuta kanga, anakaa chini sakafuni. Mama akimnunulia, mama ndiye aliye "give in". Mtoto akichoka, akajifuta machozi akaanza kuangalia mambo mengine, mtoto ndiye aliye "give up". Pipi ni ileile, duka ni lilelile. Ukiwauliza wanafunzi nani amefanya nini, hawasahau tena.

Wenye lugha wenyewe huyachanganya haya. Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipozungumza na wavulana wa shule ya Harrow mwezi Oktoba 1941, aliwahimiza wasi-"give in", isipokuwa mbele ya heshima na busara. Leo maneno yake yananukuliwa huku na huko kana kwamba alisema "give up". Kineno kimoja kimegeuzwa, na onyo likabadilika: yeye aliongelea kutolegea mbele ya nguvu ya adui, wanaomnukuu wanaongelea kutochoka.

Ndugu wengine wa "give" nitawapita haraka. "Give away" ni kugawa bure, au kufichua siri. "Give off" ni kutoa harufu au moshi. "Give out" ni kugawa, na pia ni miguu kuishiwa nguvu. Kwa kila mmoja maswali ni yaleyale: nini kimetoka, kimekwenda wapi.

Nisogee kwenye mambo mawili ya umbo, maana huko ndiko alama za mtihani zinakopotelea.

La kwanza ni mahali pa jina na pa kiwakilishi chake. Unaweza kusema "give up the job", unaweza kusema "give the job up". Lakini ukiweka "it", njia ni moja tu: "give it up". Haiwezekani "give up it". Walimu wengi hulifundisha hili kama amri isiyo na sababu. Mimi nawaambia watoto watazame kinywa chao wenyewe. Tunasema "aliacha kazi", kazi iko nje. Tukiitaja kwa ufupi tunasema "aliiacha", na hiyo "i" imeingia ndani, tumboni mwa kitenzi. Haiwezi kubaki nje peke yake. Kiingereza kimefanya vilevile: kiwakilishi kidogo kimeingia katikati ya "give" na "up". "Aliiacha" na "he gave it up" zimebeba mtoto mahali pamoja. Ila "give up on him" haifunguki. Kile kirai hubaki na mpangilio wake.

La pili ni kosa ambalo chanzo chake ni Kiswahili chenyewe, nalo linastahili huruma. Watoto huandika "he gave up to smoke". Wanafuata "aliacha kuvuta". Lakini "kuvuta" yetu ni kitu cha sura mbili. Ni kitenzi, na ni jina pia. Tunasema kuvuta kunadhuru mapafu. Kiingereza kimezigawa sura hizo, na "give up" hutaka ile ya jina: "gave up smoking". Mkononi hukamatwa kitu, na jina la tendo ndicho kitu. Nikilieleza hivyo naona nyuso zinafunguka. Nikisema tu "baada ya give up weka ing", naona kalamu zinaandika na macho yamelala.

Kuna pia jambo la sikio. Sisi mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwanafunzi husema "givu apu" akikazia alipozoea. Mwingereza huunganisha maneno mawili yakawa moja, "givap", na nguvu yote anaiweka kwenye "ap". Mtoto aliyejifunza kwa kusoma tu hulisikia neno redioni akadhani ni neno jipya kabisa. Dawa ni kulisema kwa sauti, darasa zima, kabla ya kuliandika.

Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka yote, kisha anapovuka kizingiti cha kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza: biolojia, jiografia. Vitabu vya masomo hayo vimejaa "give up", "give off", "break down", "carry out". Mmea "gives off" oksijeni, na mtoto amekwama kwenye "off" kabla hajafika kwenye oksijeni. Mwalimu wa biolojia anadhani hajui sayansi. Hili linaniuma, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa. Tunapima akili za watoto kwa maneno ya herufi mbili tatu ambayo hakuna aliyekaa nao kuyafungua, na Kiswahili, chenye funguo zote hizo, kimeambiwa kisubiri nje hadi kengele ya kutokea.

Tangu ile sifuri, zoezi langu limebadilika. Sitoi tena orodha ya vitenzi hamsini na maana zake upande wa kulia. Natoa kitenzi kimoja, sentensi sita, na sharti moja: usitumie neno "toa" zaidi ya mara moja. Wanakaa wawili wawili, wanabishana, wanafuta. Mwaka mmoja sentensi ya mwisho ilikuwa hii: "I give up. What's the answer?"

Karibu wote waliandika "Nimekata tamaa. Jibu ni nini?" Hakuna kosa, nikawapa alama. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, asiyependa kusema, alikuwa ameandika maneno mawili tu: "Nakupa mji."

Nilikaa na daftari lile mkononi. Nilimwona bibi yangu, taa ya chemli kando yake, sisi wajukuu tumeshindwa kitendawili chake, naye anasema nipeni mji. Tunampa Tanga, anasema Tanga nimeshafika, nipeni mwingine. Tunampa Unguja. Anaupokea, anatusimulia alivyoshuka bandarini na jinsi alivyopokewa, kisha ndipo anafumbua. Kushindwa kwetu kulikuwa ni kutoa, na tulichokuwa tunatoa ni mji mzima. Na katika Kiingereza cha zamani, jeshi likiuzingira mji mpaka chakula kikaisha, wenyeji wakafungua lango na kukabidhi funguo, ilisemwa wame-"give up the town". Miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kuona kwamba tendo ni moja. Yule mtoto aliliona.

Nililisoma jibu lake mbele ya darasa, bila kutaja jina lake. "Nakupa mji." Darasa zima, bila kufundishwa na mtu, likaitikia kwa sauti moja: "Mji gani?"